Mkaa Usio na Moshi: Uchambuzi wa Kisa cha Usiku Mmoja Kambini Msituni

Kwa nini ninakiandika

Majina ya watu, jina la mlima na tarehe ya safari nimeviondoa. Familia iliyopatwa na mkasa huu imesoma maelezo yote na kuridhia yasomwe na wengine. Nilichobakiza ni saa, umbali, vipimo na maneno yaliyosemwa, maana bila hivyo hakuna cha kujifunza. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kambi, na uamuzi mbaya kuliko yote ya usiku ule ulitoka kinywani mwangu.

Karibu kila mtu anajua kwamba jiko la mkaa haliingizwi mahali wanapolala watu, kwa sababu mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyoonekana. Sisi pia tulijua. Ndiyo maana naona haitoshi kuandika "usiingize jiko hemani" na kuishia hapo. Kinachohitaji kuelezwa ni jinsi watu wazima wenye akili timamu, wanaolijua katazo hilo, walivyofikia kuliingiza jiko, tena kwa nia ya kuwalinda watoto.

Kambi na watu wake

Tulikuwa wanane katika mahema matatu. Hema kubwa lilikuwa la familia: baba, mama, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 6. Hema la pili walilala vijana wawili. La tatu nililala mimi na msaidizi wangu.

Kambi iko ndani ya msitu, chini ya mlima, kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari. Tulitoka mji ulio kwenye mita 700. Kwa wastani joto la hewa hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kwa kupanda tu tulitarajia ubaridi wa nyuzi 8 zaidi ya tulikotoka. Hesabu hiyo niliifanya mapema nikawaambia watu waje na nguo nzito. Walikuja nazo. Kile ambacho sikukihesabu ni umbo la ardhi tutakayolalia.

Niliichagua kambi hii kwa utulivu wake. Siku hiyo hapakuwa na kundi jingine. Unasikia kijito, ndege wachache, na upepo juu kabisa kwenye vilele vya miti. Simu hazishiki mtandao. Mlinzi anakaa langoni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, naye ana redio ya mawasiliano. Pana banda la kupikia lenye paa lisilo na kuta, na kuwasha moto wa kuni mahali pengine popote kumekatazwa. Tulikuja na jiko moja la mkaa kwa ajili ya banda hilo.

Alasiri: kuchagua pa kulala

Tulipanga kufika saa nane mchana. Tukapata pancha njiani, gurudumu la akiba nalo likawa halina upepo wa kutosha, tukafika saa kumi na moja na robo jioni. Msituni giza hutangulia. Jua linaweza kuwa bado liko juu ya mlima, lakini chini ya miti huoni tena kamba ya hema.

Palikuwa na sehemu tatu za kupiga kambi. Ya kwanza ilikuwa uwanja mzuri chini ya mti mkubwa. Nilimulika tochi juu nikaona matawi mawili makavu yamekwama kati ya matawi mabichi. Tawi kavu halisubiri dhoruba ndipo lidondoke. Huweza kuanguka usiku ambao hata jani halitikisiki. Tuliliacha eneo lile, na uamuzi huo naukubali mpaka leo.

Ya pili ilikuwa kwenye bega la mteremko, hatua kama 200 kutoka kwenye gari, ardhi kavu, kaupepo kidogo kikipita. Ya tatu ilikuwa kwenye kibonde karibu na kijito: nyasi laini, gari hapo hapo, upepo haufiki. Nilitafuta alama za mafuriko, nikaona mahali ambapo maji yalishawahi kuacha vijiti na mchanga, nikaamuru mahema yasimamishwe mbali na juu ya mstari huo, zaidi ya hatua 70 kutoka kijitoni. Hapo nikahisi nimemaliza kazi ya kiongozi.

Tulichagua kibonde kwa sababu mbili tu, na zote zilikuwa za uchovu. Watoto walikuwa wanalia njaa, na mizigo ya kubeba hatua 200 kwenda mteremkoni ilikuwa mingi. Mama wa watoto aliuliza kama huko chini hakutakuwa na baridi. Nikamjibu kwamba hakuna upepo, kwa hiyo kutakuwa na joto zaidi. Jibu hilo lilikuwa na mantiki ya mchana. Usiku ambao mawingu hayapo, ardhi hupoteza joto lake angani, hewa inayoigusa hupoa na kuwa nzito, kisha hutiririka kushuka mteremko kama maji yanavyoshuka, ikajaa kwenye mabonde. Tulikuwa tumepiga kambi chini ya mkondo wa hewa baridi na kukiita kimya chake hifadhi.

Usiku: kutoka bandani hadi hemani

Saa mbili usiku kipimajoto changu kilisoma nyuzi 7. Pumzi zilionekana. Tulikula bandani, tukasimulia hadithi, na watoto wakapelekwa kulala. Muda si mrefu binti akarudi akisema mgongo wake ni wa barafu.

Familia ile ililalia magodoro ya kujazwa upepo, yale mazito na manene ya wageni nyumbani. Yanapendeza kwa unene, lakini ndani yake hewa inazunguka: ile iliyopashwa na mwili inabadilishana na iliyopozwa na ardhi, na mtu anayelalia juu analipa gharama. Mkeka mwembamba wa sponji ngumu unazuia ubaridi kuliko godoro la namna hiyo, kwa kuwa hewa yake imefungiwa ndani ya vitundu vidogo visivyopitana. Mimi nilikuwa na mkeka kama huo. Vijana pia. Sikukagua matandiko ya familia kabla ya kuondoka.

Ilipofika saa nne usiku mama alinifuata bandani nikiwa nakusanya vyombo. Makaa yalikuwa yamevaa majivu, mekundu kwa ndani, bila moshi hata kidogo.

"Kaka, huu mkaa umeshatulia," alisema. "Hauna moshi tena. Nikiuingiza kidogo tu watoto wapate joto la kusinzia, kuna ubaya?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelifundisha mara nyingi. Lakini alikuwa anatetemeka, watoto wake wanatetemeka, na ni mimi niliyemwambia kule chini kutakuwa na joto. Nikasema: "Uweke karibu na mlango, usifunge zipu yote, na ukiona wamesinzia utoe."

Baba alikuwepo, msaidizi wangu alikuwepo. Hakuna aliyepinga.

Saa nne na nusu manyunyu yalianza. Mvua ikawa inaingia kwa ule uwazi wa zipu na kulowesha mfuko wa kulalia wa mvulana. Mama akafunga zipu. Mama yeyote angefunga. Watoto walikuwa wamesinzia, yeye na mumewe wakajilaza wakisubiri mvua ipungue ndipo watoe jiko, wakapitiwa na usingizi.

Saa tano na dakika kumi binti aliamka akilalamika kichwa kinamgonga na tumbo linamchafuka. Mama naye akagundua kwamba kichwa kinamuuma. Wakamwita msaidizi wangu, aliyekuwa bado macho. Alifika hadi mlangoni mwa hema, wakazungumza kupitia kitambaa. Alisema jambo ambalo wote waliliona la maana: "Ni mlima huo. Watu wa chini wakipanda juu vichwa huwauma." Binti akapewa maji na nusu kidonge cha maumivu, akarudi kulala.

Saa sita kasoro dakika kumi baba alitoka kujisaidia. Magoti yalimlegea, akajishika kwenye gari. Akakaa nje dakika kadhaa kwenye manyunyu akijaribu kutapika, na kichwa kikaanza kupoa. Akarudi ndani, kikapanda tena. Akatoka mara ya pili na kuja kwenye hema letu.

"Kaka, samahani kukuamsha. Nikiwa nje najisikia mtu, nikiingia ndani kichwa kinapasuka. Sijui ni nini."

Dakika kumi na tano za maamuzi

Maneno hayo ndiyo yaliyowaokoa. Kabla hajamaliza nilikumbuka jiko. Mlima hauwezi kuwa mrefu zaidi ndani ya hema kuliko nje yake. Na sisi watu wanne wa mahema mengine tulikuwa kwenye mwinuko ule ule bila kichwa kuuma.

Tulifungua milango yote miwili ya hema kwanza, tukawatoa watoto kabla ya kitu kingine chochote. Nilivuta pumzi nje, nikaibana, nikaingia na kumtoa mvulana, nikatoka, nikavuta pumzi nyingine, nikarudi kumchukua binti. Baba alimsaidia mama. Baada ya kuhesabu vichwa vinne nje ndipo nililitoa jiko. Watu wengi huanza na jiko, na ninaelewa kwa nini: ndiye adui unayemwona. Lakini kaboni monoksidi iliyokwisha jaa hemani inabaki pale pale, na kila sekunde unayoshughulika na jiko mtu aliyelala anaendelea kuivuta.

Binti aliamka akitapika. Mvulana hakuamka sawasawa. Alifungua macho tukimwita, akayafunga. Midomo yake haikuwa ya bluu wala usoni hakuwa na rangi ya ajabu. Nalitaja hilo kwa sababu mafunzo mengi husema mtu aliyevuta gesi hii huwa mwekundu mashavuni. Dalili hiyo ni nadra kwa mtu aliye hai, na kuisubiri ni kujipotezea muda.

Sasa tulikuwa na tatizo la pili: watu wanne waliolowa, wagonjwa, kwenye nyuzi 5 na manyunyu. Kijana mmoja alisema tuwaweke garini tuwashe injini na kipasha joto. Nia njema nyingine. Gari letu lilikuwa limeegeshwa kwenye nyasi ndefu kibondeni, bomba lake la moshi likielekea mahemani, na moshi wa injini una gesi ile ile tuliyokuwa tunaikimbia. Injini inayounguruma ikiwa imesimama, bomba likiwa limezibwa na nyasi au matope, ni jiko jingine. Nilikataa. Tuliwafunika kwa mifuko yetu mikavu ya kulalia, tukawakalisha bandani penye paa na hewa huru, juu ya mikeka ya sponji.

Uamuzi mkubwa ulikuwa kuondoka au kusubiri kukuche. Barabara ya msituni ni kilomita 20 za udongo, usiku, mvua. Baba alishaanza kujisikia vizuri akasema labda wapumzike tu. Nilimtazama mvulana nikaona kusubiri ni kubahatisha. Himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, hushikamana na gesi hii mara zaidi ya 200 kuliko inavyoshikamana na oksijeni. Mtu akivuta hewa safi ya kawaida, huchukua saa nne hadi tano kwa nusu ya gesi kutoka mwilini. Akivuta oksijeni tupu kwa barakoa, muda huo hushuka hadi karibu saa moja au saa moja na nusu. Msituni hatukuwa na oksijeni.

Msaidizi wangu alikimbia langoni. Mlinzi akapiga redio, kituo cha afya kikaarifiwa, naye akatangulia na pikipiki kutuonyesha sehemu zenye utelezi. Gari lilikuwa limeegeshwa likitazama njia ya kutokea na funguo ziko mahali tulipokubaliana wote. Tuliondoka saa sita na dakika tano, vioo vya mbele vikiwa wazi kiasi cha vidole vinne, mama akimwita mvulana jina lake kila baada ya muda mfupi ili asinyamaze kabisa.

Matokeo

Tulifika saa saba na dakika kumi. Muuguzi aliwabana watoto kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni, kikaonyesha asilimia 98, kiwango cha kawaida, kwa wote wawili. Nilishasema neno "mkaa" mlangoni, kabla ya jina la mtu yeyote, na tabibu alilisikia. Akaeleza kwamba kifaa kile cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi. Vyote viwili vinakionekania sawa. Akawaweka wote wanne kwenye oksijeni bila kujali ile 98.

Mvulana alianza kuzungumza vizuri baada ya saa moja hivi. Alibaki na barakoa hadi asubuhi. Binti na mama waliumwa kichwa siku nzima iliyofuata. Baba ndiye aliyepona upesi, pengine kwa sababu ya zile dakika alizokaa nje.

Familia iliambiwa iendelee kuwatazama watoto kwa wiki kadhaa: kusahausahau, kubadilika tabia, kuyumba wakitembea, kushindwa masomo waliyoyaweza. Madhara ya gesi hii kwenye ubongo huweza kujitokeza siku au wiki baada ya mtu kuonekana amepona. Nilipiga simu kila wiki. Hakuna kilichojitokeza, nasi tunashukuru.

Jambo lililoniuma zaidi alilisema mama akiwa amekaa kitandani na barakoa usoni: "Nilikuwa nawapa joto." Alilisema mara tatu. Nilimwambia kwamba aliniuliza, na mimi ndiye niliyejibu.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Ukikiangalia kisa hiki kuanzia saa nne usiku, utaona mama na jiko. Nadhani kilianza saa kumi na moja na robo jioni. Kuchelewa kulituchagulia kibonde, kibonde kikatuletea baridi, magodoro ya upepo yakaifikisha mgongoni, baridi ikaleta jiko, na mvua ikafunga zipu. Kwa hatua moja moja, hakuna iliyoonekana ya hatari, isipokuwa moja. Hewa ile tulivu ya kibondeni, ambayo ndiyo iliyotuvutia, ilimaanisha pia kwamba hakukuwa na upepo wa kupenya hema na kuondoa gesi. Kitambaa kilicholowa kilizidisha: maji huziba vitundu vidogo ambavyo hewa hupitia, na hema lenye mvua juu yake hupumua kidogo kuliko hema kavu.

Hatua ile moja ni jibu langu kwa mama. Nilitoa sharti mahali palipohitaji katazo. Sharti langu lilikuwa na vipande vitatu: jiko likae mlangoni, zipu ibaki wazi, litolewe wakisinzia. Kila kipande kilitegemea kitu nisichokitawala. Zipu ilitegemea mvua isinyeshe. Kutoa jiko kulitegemea watu waliochoka, waliolala sehemu yenye joto, wabaki macho. Tena gesi yenyewe huleta uzito wa usingizi, kwa hiyo yule niliyempa kazi ya kulinda ndiye aliyekuwa anapoteza uwezo wa kulinda. Hata kama zipu ingebaki wazi nisingekuwa na uhakika. Watu wamepatwa na sumu hii kwenye baraza za mahema zikiwa wazi upande mmoja.

Halafu kuna moshi. Mama alisema mkaa umetulia kwa kuwa hauna moshi, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, mimi nikiwemo kwa muda ule. Tunaogopa moshi kwa sababu unawasha macho na kukohoza. Kaboni monoksidi haina rangi, harufu wala ladha. Inazaliwa pale kitu kinapoungua bila oksijeni ya kutosha, na makaa mekundu yaliyofunikwa na majivu ndivyo yanavyoungua. Jiko linapoacha kutoa moshi halijawa salama. Limepoteza ishara tu. Makaa yanapofifia bado yanatoa gesi hiyo, kwa saa nyingi.

Kosa la tatu ni la msaidizi wangu, naye amekubali niliandike. "Ni mlima huo" lilikuwa jibu lililokuwa tayari mdomoni. Tulikuwa chini ya mlima, tumezungumzia mlima njia nzima, na dalili zinafanana kweli: kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu. Lakini ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi, na huchukua saa kadhaa baada ya kupanda, mara nyingi 6 hadi 12. Tulikuwa mita 1,900. Zaidi ya hapo, alizungumza nao kupitia kitambaa. Angefungua zipu angeona jiko, na pengine hewa ile ya kufungua tu ingewasaidia. Kidonge cha maumivu nacho hakikuwa na faida. Kilimpa kila mtu hisia kwamba jambo limeshughulikiwa. Tulipoteza dakika 40 hapo, na katika kisa hiki chote ndizo dakika ninazozihofia zaidi. Watoto huvuta pumzi haraka kuliko watu wazima, na hewa yenye sumu huwaingia upesi zaidi.

Uchambuzi: kilichofaa

Baba hakusema "naumwa kichwa". Alisema kichwa kinafanya nini akiwa ndani na kinafanya nini akiwa nje. Tofauti hiyo ndiyo iliyolitaja jiko. Tangu siku ile, mtu akiniambia kambini kwamba anaumwa kichwa, nauliza mawili kabla ya yote: nani mwingine katika hema lako anaumwa, na ukitoka nje inakuwaje? Naongeza tahadhari: mtu aliyevuta nyingi huweza kukaa nje muda mrefu bila nafuu, kwa hiyo kutopata nafuu hakuliondolei jiko hatia. Na mnyama wa nyumbani akiwa hemani naye, akilegea, naye ni shahidi.

Gari kutazama njia, funguo mahali pajulikanapo, mlinzi kuwa na orodha ya majina yetu na idadi yetu: mambo haya matatu tuliyafanya saa kumi na moja jioni yakionekana kama utaratibu wa kuchosha, yakatulipa saa sita usiku. Kulitaja neno "mkaa" mlangoni mwa kituo nako kulifaa kuliko nilivyodhani. Bila neno hilo, ile 98 ingetosha kuwarudisha watoto nyumbani.

Nilichobadilisha

Hakuna kinachowaka kinachoingia hemani wala barazani mwa hema, na silijadili tena usiku. Nalisema mchana, watu wakiwa na joto, kwa kuwa mtu anayetetemeka si wakati wake wa kusikiliza sababu. Makaa yakimaliza kazi tunayamwagia maji, tunayakoroga, tunamwagia tena, mpaka mkono ukikaribia usihisi joto. Jiko linalala bandani, mahali ambapo kila hema linaweza kuliona.

Kwa kuwa katazo bila mbadala halidumu kwenye baridi, nashughulikia joto lenyewe. Nakagua matandiko kabla ya safari, na anayekuja na godoro la upepo analetewa mkeka wa sponji wa kuweka chini au juu yake. Tunachemsha maji ya mwisho wa usiku na kuyatia kwenye chupa ngumu zenye vifuniko vya kukaza, chupa inavishwa soksi, inawekwa tumboni au kati ya mapaja. Nguo za kulalia zinabaki kavu mfukoni hadi dakika ya kulala. Mtoto anakula kitu kidogo na kwenda kujisaidia kabla ya kujifunika. Tukichelewa kufika, tunapandisha mteremkoni mahema na matandiko tu, vingine vinabaki garini hadi asubuhi. Natembea pia na king'ora kidogo cha betri cha kugundua kaboni monoksidi. Hakinipi ruhusa ya kuwasha chochote ndani. Nakibeba kwa ajili ya makosa ambayo bado sijayawaza.

Ninalolijadili bado

Msaidizi wangu na mimi hatujakubaliana kuhusu barabara. Yeye anaona ilikuwa sahihi kwa watoto lakini baba na mama wangeweza kubaki bandani na kijana mmoja, gari liwe jepesi kwenye utelezi. Nami naona kuwatenganisha kungeongeza hatari: mama mwenyewe alikuwa anayumba, hatukujua nani kati yao angezidiwa baadaye, na mvulana alikuwa anaitikia sauti ya mama yake kuliko ya mtu mwingine. Tulirudi kwenye barabara ile mchana, tukaitazama tena kona mbili ambazo gari liliteleza. Ni mbaya kuliko nilivyoziona gizani. Ningekuwa na gari lisilo na matairi mazuri, au mlinzi asiye na pikipiki, ningemwomba aite gari la kituo lije hadi langoni na tukasubiri bandani, watoto wamekaa wima, wamefunikwa, tukiwaamsha kila dakika chache. Hilo nimeliandika kwenye karatasi ya kambi, pamoja na namba ya kituo na muda halisi tuliotumia: saa moja na dakika tano.